Ruhusa ya Kumtoa Mabel

Kifuniko cha birika la kahawa kilianza kugonga kabla hakujapambazuka, polepole, kama mtu anayebisha mlango bila haraka. Vernell Pruitt alikisikia akiwa bado kitandani. Alijua kwamba mumewe Lucius, aliyesimama jikoni, hakisikii, maana masikio yake aliyaacha zamani kwenye tanuri za kuyeyushia chuma. Lakini alijua pia kwamba Lucius ameweka kidole juu ya mpini wa birika, anangoja mtikisiko umwambie kahawa iko tayari. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi tangu astaafu, ili mkewe akiamka akute kikombe kimeshamiminwa.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa tatu, na theluji ya mji wa Saginaw ilikuwa imebaki viraka viraka uani. Vernell hakuwa na hamu ya kuamka. Alhamisi walikusanywa wote kiwandani karibu na mlango mkubwa, na bwana mmoja mwenye sauti ya upole akawaambia kwamba Kestrel mpya, gari la kizazi kijacho la kampuni yao, litatembea kwa betri. Mabel hatakuwemo.

Mabel ni jina ambalo wafanyakazi wenyewe waliipa ile injini. Kwenye makaratasi ya kampuni iliitwa kwa herufi na tarakimu, lakini ukiwa na silinda nane, na pampu ya hewa kichwani, na ngurumo ya kutikisa vikombe kabatini, watu hawawezi kukuita tarakimu. Mabel hakuundwa na kundi la watu, kila mmoja akitia boliti lake na kupisha. Mtu mmoja alichukua bloku tupu, kiwiliwili cha chuma cha injini, akaiweka kwenye toroli, akaisukuma kutoka meza hadi meza akiitia krenki, pistoni na valvu, mpaka ikawa injini kamili. Kisha akaipigilia kibati kidogo chenye jina lake mwenyewe. Vernell alikuwa ameifanya kazi hiyo mpaka mvi zikamjaa. Bloku zenyewe zilimiminwa kule alikokuwa Lucius, na watu wa mtaani walipenda kusema kwamba mzee Pruitt anafinyanga chungu, mkewe anapika.

Alikuwa na tamaa moja tu kabla hajastaafu: amwone Mabel akiingia kwenye bodi jipya, aendelee kuishi mikononi mwa wengine. Delmar, aliyefanya kazi kwenye toroli la jirani, alikuwa akiapa kila wiki kwamba lazima Mabel ataendelea, na kila wiki alileta dalili mpya. Alhamisi Delmar hakutania. Alichukua kitambaa akapangusa toroli lake, kisha akapangusa na la Vernell, akaenda zake.

Vernell alipofika jikoni Lucius alimsogezea kikombe.

"Mgeni wako wa leo anataka nini?" akamwuliza.

"Hakusema. Alisema si neno la kusemwa kwenye simu."

"Labda anakuja kukushtaki. Mabel kamtoroshea mume."

Vernell alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, na Lucius akarudi kugeuza mayai kama mtu aliyemaliza kazi aliyotumwa.

Wageni hawakuwa kitu kigeni nyumbani humo. Mwenye gari akifungua boneti akakuta jina, mara nyingine humtafuta mwenye jina. Walikuja na picha, wakasimama karibu na Vernell wakapigwa nyingine, wakashukuru, wakaondoka. Huyu wa leo alikuwa mwanamke wa Hamtramck, kando ya Detroit, aitwaye Halina Wojcik, mjane, na sauti yake kwenye simu ilikuwa ya mtu mzima sana.

Walifika jua likiwa limepanda. Lori dogo liliingia uani likiwa limebeba gari lililofunikwa turubai. Msichana mrefu mwenye nywele zilizofungwa kwa leso aliruka chini, akazunguka upande wa pili, akamshusha bibi yake kama anayeshusha kapu la mayai. Msichana aliitwa Jolanta, au Jola. Alikuwa fundi wa mashine za betri zinazoinua mizigo maghalani. Bibi alikuwa amekumbatia bati lenye mkate mtamu wa kuviringishwa, wenye mbegu nyeusi ndani, na hakuliachia mpaka alipomkabidhi Vernell kwa mikono miwili.

Wakaketi mezani. Halina alisifu kahawa, akauliza habari za watoto, akataka kujua kama Lucius anaweza kula mbegu na meno yake. Kisha akaviweka viganja vyake mezani.

"Bi Vernell, baba yangu alikuwa seremala. Alikuwa akituambia, ukitaka kung'oa mlango, mwambie kwanza fundi aliyeutia, kama yu hai. Wewe u hai, nashukuru. Mjukuu wangu anataka kumtoa Mabel kwenye gari la marehemu mume wangu Casimir, atie mota ya umeme. Ukikubali, tutamtoa. Ukikataa, gari litabaki kama lilivyo, na neno hili halitasemwa tena nyumbani kwangu."

Vernell alikisogeza kikombe chake pembeni. Alhamisi hakuna aliyemwuliza lolote. Walisimamishwa mlangoni, wakaambiwa, wakarudi mezani kwao. Leo mtu asiyemjua amesafiri na gari mgongoni ili amwulize yeye, na alichotakiwa kusema ni neno moja. Neno lenyewe lilishamfika kwenye ulimi, na lilikuwa tamu. Mabel mmoja, angalau mmoja, angebaki mahali alipomweka.

"Nataka nimwone kwanza," akasema.

Halina alisema atabaki ndani, miguu yake haipendi baridi. Jola akatoka na Vernell. Aliteremsha gari taratibu kwa winchi, akaondoa turubai, akafungua boneti. Gari lilikuwa la kijani kibichi, na Mabel alikuwamo, msafi kama sahani. Kibati kilikuwa mahali pake: *Vernell Pruitt*.

"Nani anampangusa?"

"Mimi," Jola akasema. "Simchukii, Bi Vernell. Usije ukadhani namchukia."

"Basi kwa nini, mwanangu?"

Jola alitazama dirisha la jikoni kabla hajajibu. Akaeleza kwamba babu yake alikuwa akirudi kazini na gari hilo, na bibi yake akilisikia tu kwenye kona, huweka supu motoni, akaenda kumfungulia mlango. Baada ya mazishi Jola aliliwasha ili alisogeze tu. Alipoingia ndani akakuta moto umewashwa chini ya sufuria.

"Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kitasa," akasema. "Sikumwambia kitu. Nikangoja sana, nikajaribu tena nikidhani ameshazoea. Ikawa vile vile. Yeye anadhani nataka betri kwa sababu ndiyo kazi yangu, na mimi nimemwacha adhani hivyo."

"Na ukiliuza?"

"Analipenda. Huenda kulikalia likiwa limezimwa. Nataka nimpakie, Bi Vernell. Nimpeleke kanisani kwenye kiti chake cha mbele, bila mtu kurudi nyumbani ambaye hayupo."

Vernell alipitisha kidole juu ya jina lake. Jola akamwambia kwamba gari lina mafuta, na ametia betri mpya ya kuwashia, kama angependa kumsikia Mabel.

Vernell aliingia akakaa. Usukani ulikuwa umelainika mahali mikono ya Casimir iliposhika miaka yote. Alishika ufunguo. Hakuna alichokitamani siku ile kuliko kuugeuza. Kiwandani injini ziliwashwa kwenye chumba kilichofungwa, na wao walizisikia kupitia ukutani. Lakini kutoka pale aliweza kuona dirishani. Halina alikuwa amesimama, anamkatia Lucius mkate, anatoa maganda magumu na kuyaweka kwenye sahani yake mwenyewe, ule ulaini wa katikati anauweka kwenye sahani ya mzee.

Vernell akauchomoa ufunguo, akampa Jola.

"Siku nyingine," akasema.

Walirudi ndani wakinukia baridi. Vernell alivua koti, akaketi, akamtazama Halina.

"Kumtoa, atatolewa. Lakini hatolewi na mtu wa barabarani. Aliyemtia ndiye atakayemtoa. Jola ataniachia gari, na kila Jumamosi atakuja tufanye kazi pamoja."

Halina aliinamisha kichwa. Kisha akauliza, kwa wasiwasi wa kweli, Mabel atakwenda wapi.

"Atakaa hapa."

Lucius alikuwa akifuata midomo yao. "Nani anakaa hapa?"

"Mabel."

"Anakula sana?"

"Anakunywa sana."

"Basi kama shemeji yangu," Lucius akasema, akaomba kipande kingine cha mkate.

Jola hakukosa Jumamosi hata moja, na bibi yake alikuja naye. Walimwaga oili, wakamwaga maji, wakafungua mabomba na nyaya, na kila boliti lililotoka walilitia kwenye kopo. Vernell aligundua kwamba msichana hugusa boliti kwa kidole kabla hajaweka spana, kama anayelitaarifu. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Alikuwa na maswali mengi: kwa nini hili limekazwa kwanza na lile baadaye, unajuaje kwa mkono kwamba krenki imekaa vizuri. Vernell hakumharakisha. Mengine alimjibu kwa kumshika mkono na kuupeleka mahali penyewe.

Siku Mabel alipoinuliwa kwa winchi, akaning'inia hewani, wote waliweka spana chini. Lucius alikuja akaegemeza kiganja kwenye bloku ili isiyumbe. Labda aliimimina yeye, labda mwenzake wa zamu. Hakuuliza mtu. Aliishikilia hivyo mpaka ilipotua kwenye fremu ya chuma aliyoiunga mwenyewe kwenye kona ya gereji.

Jola alitaka kuhamisha kibati cha Vernell akiweke juu ya mota mpya. Alisema ni kwa heshima. Vernell akakataa.

"Hiyo mota sikuiunda mimi. Nikiweka jina langu nitakuwa nimesema uongo, na mwenye gari akija kunitafuta nitamwambia nini?"

Akaenda ndani, akarudi na kibati kitupu. Kiwandani walikuwa wameanza kufunga meza zao, na msimamizi alimruhusu achukue kimoja kisicho na jina.

"Ukimaliza, ukiridhika nayo, andika lako. Usipige misumari kabla hujaridhika."

Jola alikitia mfukoni wa kifuani, akafunga kifungo.

Wiki moja Halina alibaki Hamtramck na mafua. Vernell akasema basi leo ndiyo siku ya kumsikia Mabel. Walimrudishia Mabel oili, maji na mafuta, wakamfungia eksozi, wakafungua milango ya gereji, na Jola akamwasha. Makopo ya boliti yakacheza rafuni. Ndege wakaruka kutoka kwenye paa la jirani. Delmar, aliyekuwa amekuja na kreti ya soda kwa kisingizio cha kurudisha ngazi, alivua kofia. Vernell alisimama huku mikono ikiwa ndani ya aproni, akasikiliza mpaka mwisho, na hakulia ingawa alikuwa amejiandaa kulia. Lucius alikuwa ameweka kiganja kwenye fremu, macho ameyafumba.

"Yu hai," akasema, kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama wasemavyo viziwi.

Jola alimzima, akamwasha tena, akaomba aonyeshwe jinsi ya kusikiliza valvu.

Jola akalipeleka gari Detroit kulitia mota na betri. Maua ya mwezi wa tano yakafunguka na Vernell hakuwa amesikia habari. Kiwandani zilikuwa zimebaki injini chache za mwisho, na alikuwa akiziunda polepole kidogo kuliko desturi. Hakuna aliyemwambia afanye haraka.

Jumapili moja alasiri alikuwa barazani anamenya mbaazi kwenye bakuli, ameinamisha kichwa. Alipokiinua aliona gari la kijani limesimama langoni. Halina alikuwa kiti cha mbele, amevaa kofia ya kanisani, bati la mkate mapajani.

"Mmefika saa ngapi nyie?"

"Zamani," Halina akasema. "Tulikuwa tunakutazama. Unamenya vizuri."

Jola alifungua boneti. Vernell hakuvielewa vyote alivyoviona humo, lakini nyaya zilikuwa zimelazwa vizuri, hakuna uliovutwa, hakuna uliosugua pembe ya chuma. Kibati kilikuwa mahali kinapoonekana. Herufi zilikuwa zimepinda kidogo: *Jolanta Wojcik*. Vernell alipitisha kidole juu yake taratibu, kama alivyozoea kupitisha juu ya lake.

"Umeridhika?" akamwuliza.

"Nimeifungua mara nyingi, nikaifunga tena. Sasa nimeridhika."

Walikula mbaazi na kuku barazani. Halina alisimulia kwamba njiani aligundua mjukuu wake huimba akiendesha. Miaka yote hakujua, maana zamani ndani ya gari hilo ulikuwa huwezi kusikia hata mtu akipiga chafya. Kisha akageuza macho kwenye milango ya gereji iliyofungwa.

"Mabel hajambo?"

"Hajambo. Amelala."

"Siku moja nitakuja kumsikia," Halina akasema. "Bado kidogo."

Jola alimtazama bibi yake, kisha akamtazama Vernell, akamwongezea bibi kuku.

Jua lilipoanza kuteremka wakaagana. Lucius alimshika Halina mkono mpaka kwenye kiti chake, akamfungia mlango kwa mikono miwili, polepole, ijapokuwa hakuwa na njia ya kujua kama umelia. Vernell aliinama dirishani. Gari lilikuwa limeshawashwa, lakini hakujua mpaka alipoweka kiganja kwenye boneti, akahisi kitu chembamba kikitetema, kama maji yanapokaribia kuchemka.

"Mje tena," akawaambia. "Mje mapema, tule pamoja. Ila mkifika pigeni honi, jamani. Mabel alikuwa akipiga hodi mwenyewe."