Aksanti kwa Sauti ya Domitille

Jumamosi saa nne asubuhi Thierry alishuka kwenye pikipiki pale Makobola akiwa na mfuko wa zawadi: kitenge, sukari, sabuni sita. Domitille alikuwa anaanika mihogo. Alifuta mikono, akamletea kiti.

"Jambo, Mama Noella," Thierry alisema, kwa sauti ya Domitille.

Hakuwa na nyingine. Miaka kumi na moja iliyopita Domitille alimfundisha wimbo kwa siku tatu. Alikuwa ameutunga mwenyewe, juma lile ziwa lilipomrudisha mume wake, siku ya tano tangu azame. Katika wimbo alilishukuru ziwa kwamba walau alipata wa kuzika. Thierry alivuka mpaka kwenda kuuimba Bujumbura kwenye shindano, na sauti ya Domitille ikaenda naye. Jioni ile Domitille alifungua mdomo amwite binti yake, Noella, lakini hakikutoka kitu.

Noella alimpigia Thierry simu kumweleza.

"Ni mafua tu, yatapita," Thierry alijibu, kisha akakata. Noella alikuwa ameitambua sauti ya mama yake, naye Thierry alijua kwamba imetambulika.

Wimbo ulimfikisha Nairobi, Marseille, Ghent. Watu wasiojua neno hata moja la Kiswahili walilia. Walipomwambia ana sauti nzuri, aliwajibu kwamba ni kipaji cha Mungu, na masikio yake yaliwaka moto.

Sasa Domitille alimwuliza kwa mikono, na Noella akatafsiri.

"Mama anauliza kama ulikula. Anauliza tena, kule Bulaya iko baridi sana?"

Njia nzima kutoka Uvira Thierry alikuwa amepanga maneno. "Aksanti, mama," alisema. "Unisamehe."

Ikawa kama Domitille amejishukuru na kujisamehe mwenyewe. Thierry aliona haya. Lakini Domitille alifumba macho, akamwashiria aendelee. Alikuwa hajaisikia sauti yake siku nyingi. Basi Thierry akamsimulia treni, theluji, bei ya nyanya huko, chochote kilichomjia, na mama yule akacheka bila kutoa mlio.

"Yaya Thierry," Noella alisema, kama anayemwita kaka yake mkubwa, "mama anauliza, utairudisha?"

Thierry alitazama chini. "Mwezi wa sita niko na konseri. Kisha tutaona."

"Minye nilimwambia utasema vile."

Domitille alimfungia ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, kwenye gazeti, ale njiani, akamsindikiza mpaka barabarani.

Saa tisa alasiri Thierry alikuwa katika redio moja ya Uvira. Aliimba, na mtangazaji akapangusa macho.

"Wimbo huu aliutunga nani?"

Thierry alikitazama kipaza sauti. Jina la Domitille lilikuwa pale kwenye ulimi, tayari kabisa.

"Ni minye," alisema.

Huko Makobola majirani waliokuwa wanasikiliza redio na Noella na mama yake waliisikia sauti ya Domitille ikisema ni yeye. Wakamgeukia Domitille.

"Ndiyo, ni weye," jirani mmoja alisema. "Nani hajui?"

Studioni, mtangazaji alirudia jina la Thierry mara mbili ili wasikilizaji walishike vizuri, akampigia makofi. Thierry aliinamisha kichwa, na hakukiinua mpaka habari zilipoanza.