Nyonga Huanza, Mikono Hufuata

Sikuwa na filimbi. Sikuwa na cheti cha ukocha, wala kofia yenye nembo, wala raba za michezo. Goti langu la kulia halikunjiki sawasawa tangu lilipoangukiwa na chuma. Softiboli sijaicheza hata siku moja, na mpaka nilipotimiza miaka sitini na nane sikujua kwamba kuna mchezo ambao mtu anarushiwa mpira, anaupiga kwa gongo, kisha anatimua mbio. Nayasema haya mapema ili mwalimu wa michezo wa shule ya mjukuu wangu asije akayasema yeye kana kwamba ameyagundua.

Nilichokuwa nacho ni miaka ishirini na tisa ya kupiga nyundo kubwa kwa mhunzi. Kazi ile mwili wenyewe hukufundisha. Anayepiga kwa mikono huishiwa nguvu kabla ya chai ya saa nne. Anayeanza na nyonga, kiwiliwili kikafuata, mikono ikaja mwisho, hupiga hadi jioni na akifika nyumbani bado ana nguvu za kubishana na mkewe.

Basi mjukuu wangu huyo wa kike, ambaye kwa wembamba wake tunamwita Sindano, alirudi kutoka shule analia kwamba mpira wake hauendi popote. Nikamwambia anionyeshe. Akasimama uani na mpini wa fagio, akapiga hewa kwa mabega.

"Unapiga mpira au unafukuza nzi?"

"Babu naye! Ndivyo mwalimu anavyotufundisha."

Kesho yake nikaenda maktaba kuazima kitabu cha mchezo huo. Kusoma nilianza na miaka arobaini na moja, kwenye masomo ya jioni, dawati moja na dereva wa lori na mshona viatu, kwa hiyo kitabu hakinitishi. Kilikuwa na mchoro wa mpigaji uliojaa mishale. Nilipoifuata mishale ile nilicheka peke yangu. Alikuwa ni mpiga nyundo yuleyule, ila nyundo yake imelala.

Nikatoa shuka kwenye beseni la nguo zilizolowekwa. Sindano akashika ncha moja, mimi nyingine.

"Mimi nazungusha. Wewe usigeuke kwanza."

Shuka likajisokota, maji yakachuruzika.

"Huku kwangu ni nyonga, huko kwako ni mabega. Nyonga zikitangulia na mabega yakachelewa kidogo, katikati panasokotwa. Nguvu iko hapo. Sasa tuzungushe pamoja, upande mmoja."

Tukazungusha. Halikutoka hata tone.

"Aaa," akasema, na nikajua somo limeingia.

Bibi yake akapaza sauti kutoka jikoni: "Hilo shuka langu likichanika, mtalala juu ya softiboli!"

Wiki tatu tulifanya hivyo kila alasiri. Uzito ukae mguu wa nyuma. Mguu wa mbele ukanyage polepole, kama mtu anayepima maji ya kuoga. Kisha kisigino cha nyuma kiinuke, nyonga zigeuke, kitovu kimtazame mrushaji, na hapo mikono bado haijatoka. Kosa lake lilikuwa kugeuka na kichwa, macho yakauacha mpira. "Kichwa hakikualikwa," nilimwambia. "Kibaki kilipo."

Siku ya mechi nilisimama nje ya uzio. Wenzake wawili walikuwa kwenye vituo vya kukimbilia, wakisubiri pigo la kuwarudisha walikoanzia. Sindano akapima maji, akageuka, na mpira ukapita juu ya paa la jiko la shule. Wote watatu wakarudi, shule ikashinda. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Badala ya pongezi, ikalia filimbi. Mwalimu wa michezo alimwita mbele ya watu wote: "Hapa si ukumbi wa muziki! Msichana wa shule hii hazungushi kiuno hadharani." Kisha akalikata jina lake kwenye orodha ya watakaokwenda kujaribiwa kwa timu ya mkoa, na kwenye daftari akaandika: mwenendo usiofaa.

Mwenendo! Mtoto ambaye hata kuku hamfukuzi kwa matusi!

Jumatatu nilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, shati limepigwa pasi. Mwalimu wa michezo naye aliitwa.

"Mzee wangu," akaanza, "mimi nina cheti cha mchezo huu."

"Cha mafunzo ya siku ngapi?"

"Tatu."

"Siku tatu ndizo nilizomsubiri fundi cherehani anipunguzie suruali hii. Wavulana wako wanapopiga, nyonga zao huziacha darasani?"

"Wavulana ni wavulana."

"Na mpira unajua hilo?"

Mwalimu mkuu, mama mpole anayechoka upesi, akaingilia. "Mzee, tusilikuze. Binti aandike barua ya kuomba radhi, jina litarudi. Orodha inafungwa Ijumaa."

Nilitoka bila kuaga, jambo ambalo si tabia yangu. Nyumbani nikaiandikia kamati ya uteuzi ya mkoa kurasa tisa. Sindano akazisoma zote akiwa amesimama.

"Babu, ukurasa wa nne umemwita mwalimu debe tupu."

"Kwa adabu."

"Wakisoma hii watajua nina babu mkali. Hawatajua kama naweza kupiga."

"Basi kaandike hiyo ya kuomba radhi!" nikafoka. "Nenda, kapige magoti kwa sababu umepiga mpira!"

Alikuwa akiitaka timu ile kuliko kitu chochote, na mlango aliofunguliwa alikuwa ameuona vizuri kama mimi.

"Siombi radhi," akasema. "Nimuombe nani, paa la jiko? Lakini hasira ni zako, Babu, nyonga ni zangu. Niachie niandike."

Akaandika: "Mimi ni mpigaji. Shule imeniondoa kwenye orodha kwa sababu nageuza nyonga ninapopiga. Ndivyo mpira unavyopigwa, na sitaacha. Naomba mnirushie mipira kumi, kisha mwamue wenyewe."

Nilitafuta kosa, sikuliona. Nikaomba angalau tuongeze "kwa heshima na taadhima". Akanikubalia hiyo, na akanipa nafasi ya kutia saini chini yake kama mlezi. Kwa ghadhabu niliikandamiza kalamu, saini ikatoka imepinda.

Jumatano asubuhi tulikuwa dirishani posta. Sindano akaikunja barua, akaiingiza kwenye bahasha, akalamba gundi na kuibana kwa ngumi.

"Ya kawaida au ya rejista?" karani akauliza.

"Rejista," nikasema, "na mhuri usomeke."

Karani akaugonga mara mbili, akaitupa bahasha kwenye gunia la mkoani.