Honi ya Kwenye Kona

Mkaguzi wa mitambo aliposema boila la kichwa cha treni Nambari Kumi na Tisa limechoka, kwamba litawashwa mara moja tu, Jumamosi, halafu basi, nilitaka kumpiga kwa ndoo. Limechoka! Mimi nina miaka sabini na moja na magoti mabovu, mbona sijasema nimechoka? Miaka tisa sasa nafanya usafi hapa kwenye makumbusho ya reli. Kuna vichwa vya treni vitano humu ndani na mabehewa kumi na mawili, vyote navifuta kwa sababu nalipwa. Nambari Kumi na Tisa naifuta kwa sababu aliiendesha mume wangu.

Niseme wazi nilichokuwa nakitaka Jumamosi hiyo, maana watu walidhani nataka kupigwa picha. Nilitaka kuisikia honi. Si honi yoyote, ya kwake. Zamani zile kila dereva alikuwa na namna yake ya kuvuta kamba ya honi, na sisi wake zao tulizijua honi za waume zetu kama tunavyovijua vikohozi vyao. Ya wangu ilikuwa mbili fupi, moja ndefu, na ile ndefu mwishoni inashuka taratibu, kama mtu anayetua mzigo. Ilikuwa inalia kwenye kona, nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli, tulikokuwa tunakaa. Nikiisikia tu, naacha chochote ninachofanya, nakimbilia jikoni kubandika maji. Mpaka afike stesheni, akabidhi treni, atembee hadi nyumbani, maji ya kuoga yamechemka na chai iko tayari. Miaka kumi na minane sikumpa maji ya baridi hata siku moja. Majirani waliniita Mama Birika. Waache waite.

Amefariki miaka kumi na mitatu sasa. Sauti yake ya kuongea imeanza kunitoka kichwani, nasema kweli, na hilo linanitisha kuliko kaburi. Honi ndiyo kitu chake pekee kilichobaki ambacho bado kingeweza kusikika.

Jumamosi moto uliwashwa tangu alfajiri. Aliyeuwasha ni Masizi, mkongwe mwenzangu, ambaye siku hizi kazi yake ni kufungua geti na kunitania. Enzi zile alikuwa mtia makaa wa mume wangu, na alikuwa haondoki nyumbani kwangu mpaka sukari iishe.

"Shemeji," akaniita, akijifuta jasho. "Honi niachie mimi."

"Thubutu! Wewe ulikuwa mtu wa koleo, kaa na koleo lako. Atavuta mkuu, nimeshamfundisha."

Masizi akaitazama kamba ya honi, akarudi kwenye makaa bila kunitania. Si kawaida yake.

Mkuu wa makumbusho ni kijana msikivu, ananiita mama, na wiki nzima nilikuwa nampigia mbili fupi, moja ndefu kwa mdomo mpaka wageni wakatucheka. Basi watu wakajaa, akapanda, akavuta kamba. Mbili fupi. Moja ndefu. Watu wakapiga makofi. Mimi nikabaki nimesimama na tambara langu mkononi. Hesabu ilikuwa sawasawa, lakini mume wangu hakuwemo. Ilikuwa kelele tu. Machozi yakanilenga, nikageuka nitafute mtu wa kumtukana.

"Mvuke unashuka," Masizi akasema kutoka juu. "Umebaki wa kama mara mbili." Hakuniomba ruhusa. Akaishika kamba.

Fupi. Fupi. Kisha ile ndefu, ikashuka taratibu, ikatua.

Haki ya Mungu, nilikuwa nimeshapiga hatua tatu kuelekea kijichumba cha chai cha wafanyakazi kabla sijashtuka. Nikarudi, nikapanda zile ngazi za chuma na magoti yangu hayohayo. Mkuu akanipisha, akashuka.

"Umejifunzia wapi hiyo?"

Masizi akatazama chini. "Sikujifunza, shemeji. Ilikuwa mimi."

"Ilikuwa wewe nini?"

"Honi. Miaka yote ile. Kamba nilivuta mimi."

Damu ikanichemka. "Yaani miaka kumi na minane nakimbia jikoni kwa honi ya Masizi? Masizi huyu mmaliza sukari?"

"Yeye asingeweza kuvuta. Kiti cha dereva na kamba viko kulia, nyumba yenu ilikuwa kushoto. Tukikaribia kona anapunguza mwendo, anaacha kiti, kosa la kufukuzwa kazi hilo, anakuja kusimama kwenye dirisha langu. Ananiambia, 'Piga, Masizi, atoke nimwone.' Ndiyo napiga."

"Atoke nani?"

"We shemeji! Atoke nani tena?"

Nikalikunja tambara langu mara mbili.

"Hukutoka hata siku moja," akasema polepole. "Tulikuwa tunaona moshi wa jiko lako tu. Mimi namcheka. Yeye anasema, 'Kesho atatoka.' Kesho yake, hivyohivyo."

"Mbona hakuniambia?"

"Nilimwuliza. Akasema mtu akiambiwa atoke, anatoka kwa kuwa ameambiwa. Halafu akifika nyumbani anakuta maji ya moto. Ataanzaje kulalamika?"

Nikachungulia kwenye lile dirisha la kushoto. Ukingo wake umeng'aa, nimeufuta mwenyewe miaka tisa. Nilikuwa najivunia maji, jamani. Mtu alikuwa anataka uso wangu tu, mimi nampa mgongo na moshi. Zile ndoo zote ningezimwaga, nipate siku moja tu ya kusimama mlangoni.

"Mvuke upo?"

Akaangalia geji. "Mara moja. Pengine."

"Ngoja nishuke. Usipige mpaka niwe nimeingia ndani."

Nikashuka, nikavuka uwanja, nikaingia kwenye kijichumba cha chai. Birika lilikuwa juu ya jiko, tupu. Nikafunga mlango, nikasubiri.

Fupi. Fupi. Ndefu.

Nikaliacha birika, nikatoka. Masizi alikuwa amejibanza upande wa kulia, dirisha la kushoto ameliacha wazi. Nikasimama mlangoni, nikalitazama mpaka ile sauti ikaisha.