Kiti Kilicholipiwa

Sharti lilikuwa limebandikwa ukutani, juu ya meza ya mapokezi ya kituo cha masomo ya ziada, kwa herufi nyekundu, na fundi wa nguo alikuwa amelipita siku zote bila kulisoma. Nani husoma ukuta? Alilisoma siku alipokuja kudai fedha zake, na hata siku hiyo ni kwa sababu dada wa mapokezi alimnyooshea kidole.

"Lipo pale juu, mama. Mimi situngi sheria, nakaa chini yake tu."

Fundi akainua macho. Ada ya mwaka iliyolipwa mapema, sharti lilisema, itarudishwa kwa vile vipindi ambavyo havijatumika hadi siku maombi yatakapojibiwa. Kipindi huhesabiwa kimetumika mtoto akiketi kwenye kiti chake, au asipofika kituoni.

"Na maombi yangu yatajibiwa lini?"

"Mkurugenzi akipata nafasi."

"Na mpaka apate nafasi?"

"Vipindi vinaendelea, mama."

Hapo fundi akaelewa. Mkurugenzi hakuwa na haraka, na kwa nini awe nayo? Mtoto akija, ada inaliwa. Mtoto akibaki nyumbani, ada inaliwa. Siku mkurugenzi atakapopata hiyo nafasi yake, kitakachokuwa kimebaki hakitatosha hata kununua uzi.

Na fedha zenyewe hazikuwa za kuokota. Fundi alikuwa ameuza cherehani yake ya umeme, ile iliyokuwa ikimlisha yeye, mama yake na binti yake. Binti huyo watu walimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hafungi mdomo tangu kunakucha, ila ukimwekea kitabu mbele alinyamaza kimya. Miaka tisa, na hajui kusoma. Kisha akapatikana mwalimu mstaafu hapa kituoni, mama mtu mzima aliyefundisha watoto watano kuzunguka meza moja, bila papara, na siku moja Chiriku akarudi nyumbani akasoma mstari mzima kwenye mfuko wa unga. Mkurugenzi akatangaza: anayelipa mwaka mzima kwa mkupuo anapunguziwa bei na anahakikishiwa mwalimu wake. Fundi akauza cherehani. Mwezi wa pili baada ya kulipa, mwalimu mstaafu akaondoka, na meza yake ikaondoka naye. Likaja darasa la watoto arobaini, skrini ukutani, na kijana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kubonyeza kitufe na kusema nyamazeni.

Aliyenunua cherehani alikuwa fundi suruali wa mtaa wa pili, mtu mwenye utani. "Shangazi, mimi nimeinunua, sijaioa," alimwambia juzi alipomwendea. "Ukirudi na hela yangu kabla ya mwisho wa mwezi utaikuta. Baada ya hapo sare za shule zinaanza, nami sitakujua." Bila cherehani hiyo msimu wa sare ungempita fundi akishona vifungo kwa mkono, na msimu huo ndio uliolipa kodi ya nyumba.

Alikuwa bado amesimama mbele ya meza. Akalisoma tena sharti, polepole, kama anavyokagua mshono wa mtu mwingine akitafuta pa kufumulia.

"Na mtoto akifika," akauliza, "asiketi?"

Dada wa mapokezi akacheka. "Asimame? Saa nzima na nusu?"

"Sijauliza ataweza. Nimeuliza, kimehesabiwa au hakijahesabiwa?"

Dada akageuka, akausoma ukuta midomo ikimchezacheza. Kicheko kikamwisha. "Kwa ilivyoandikwa, hakijahesabiwa."

Jioni ile fundi alimkalisha Chiriku kitandani, akamshika mikono yote miwili. Alimweleza kwa maneno machache, maana alitaka yamkae.

"Darasani kule usikae kwenye kiti. Simama nyuma, ukutani. Mtu yeyote akikwambia ukae, usikae. Ukikaa, cherehani ya mama imekwenda. Umeelewa?"

Chiriku akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amekulia chini ya cherehani ile, juu ya mabaki ya vitambaa, na tangu ilipouzwa aliwahi kuuliza kama huko ilikokwenda inapakwa mafuta.

Bibi, mama yake fundi, alikuwa akichambua maharagwe mlangoni. Hakuinua kichwa. "Wapiganapo tembo nyasi huumia," alisema.

"Mama, mimi nina utembo gani? Nimebaki na sindano."

"Nyasi huwa haziulizi tembo yupi ni mnene."

Fundi alikasirika, tena sana, kwa kuwa maneno yale yalimgusa mahali asipotaka kuguswa. Lakini keshoye alimpeleka Chiriku.

Chiriku akasimama. Watoto wakamcheka, wakamwita Mlingoti. Kijana wa skrini akamwambia akae, akakataa, kijana akaona isiwe tabu, akabonyeza kitufe chake. Dada wa mapokezi, aliyekuwa akipita na daftari la mahudhurio kuhesabu vichwa vilivyoketi, alifika kwa Chiriku akasita, kisha akaendelea bila kuandika.

Habari haikukaa. Wazazi wengine waliokuwa wakidai ada waliisikia, wakacheka, wakaacha kucheka, wakaenda kuzungumza na watoto wao. Wiki iliyofuata walisimama watano, kisha tisa. Wengi walichoka njiani wakakaa. Mkurugenzi aliamuru madawati yasogezwe hadi ukutani ili nyuma pasiwe na pa kusimama. Chiriku akahamia pembeni ya mlango. Mkurugenzi akaleta biskuti, akasema ni za walioketi tu; wawili wakaketi. Chiriku aliangalia zile biskuti hadi ya mwisho ilipoliwa.

Nyumbani fundi alimkanda miguu kwa mafuta. "Bado kidogo tu, mwanangu. Wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii." Siku hizo Chiriku alikuwa hajibu mengi, na nyumba ilikuwa na ukimya ambao haikuuzoea. Fundi alisema ni uchovu. Moyoni alikuwa akijivuna, tuseme ukweli. Kwa mara ya kwanza tangu auze cherehani alihisi kwamba kuna mahali fulani anashinda.

Mwezi ukawa unakwisha. Mkurugenzi alimwita ofisini, akamkaribisha kiti. Fundi naye akabaki amesimama.

"Mama, unamtesa mtoto."

"Mrudishie ada yake, akapumzike."

"Hapa tunafundisha watoto."

"Mnafundisha ukuta."

Mkurugenzi akavua miwani. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya chini, na sauti ile ilipopanda hata yeye mwenyewe alionekana kushtuka. "Kiti kimelipiwa! Mtoto atakaa kwenye kiti alicholipiwa, au nitamkalisha mimi!"

Akatoka. Fundi akamfuata mbio. Ukumbini kulikuwa na wazazi kadhaa wanaosubiri watoto, na kati ya ukumbi na darasa kulikuwa na dirisha refu la kioo, hivyo kila mtu aliona. Mkurugenzi alichukua kiti, akakiburuta hadi mlangoni, akakiweka nyuma ya Chiriku. Akasema kitu. Chiriku akatikisa kichwa. Akamwekea mkono begani, akaukandamiza. Chiriku akakaza magoti. Basi mkurugenzi akamnyanyua kwa kwapa, juu kabisa, ili amshushe kitini.

Mtoto akajinyoosha. Alijikaza kuanzia shingo hadi visigino, akawa ubao, na ubao haukunjiki. Mkurugenzi alipomshusha, visigino ndivyo vilivyotangulia kugusa kiti, na Chiriku akawa amesimama juu yake, mrefu kuliko mkurugenzi.

Ukumbi ukalipuka. "Amesimama! Amesimama!" Mzazi mmoja alikuwa ameinua simu, anarekodi. Na fundi alikuwa amebandika viganja vyote kwenye kioo, anapiga kelele kuliko wote.

"Usikae, mwanangu! Usikae!"

Chiriku akageuza uso kumtafuta mama yake. Kisha kelele zikapungua, moja baada ya nyingine, kwa sababu watu waliona maji yakimshuka miguuni, yakijaa kwenye kiti, yakidondoka sakafuni. Alikuwa amejikojolea. Hata hivyo hakukaa.

Mkurugenzi alirudi nyuma hatua kadhaa, mikono ameiinua, macho kwenye ile simu. "Nitalipa," alisema, kwa dirisha zima. "Nitawalipa wote. Leo hii. Zima hiyo simu, tafadhali."

Na hapa ndipo penye jambo ambalo fundi hatamsimulia mtu. Mlango wa darasa ulikuwa kushoto kwake na mlango wa ofisi kulia. Mkurugenzi alikuwa anaelekea ofisini, na mtu wa namna ile akipewa muda wa kupumua atabadili mawazo. Fundi alikwenda kulia. Aliyeingia darasani, akamshusha Chiriku kitini, akamfunika kwa koti lake, alikuwa dada wa mapokezi.

Fedha zilirudi, vipindi vyote ambavyo havikuketiwa. Kesho yake fundi suruali alisukuma cherehani kwa mkokoteni hadi mlangoni, analalamika njia nzima kwamba amepokonywa mke. Bibi alifuta vumbi. Fundi aliingiza uzi, akakanyaga, na mlio ule uliporudi ndani ya nyumba alilia, akacheka, akashona pindo la kitambaa kisicho na kazi yoyote, kwa raha tu. Chiriku alikuwa amesimama karibu na mlango akimwangalia.

Ndipo ilipobishwa hodi. Alikuwa mwalimu wa darasa la Chiriku, wa shule yenyewe, si wa kituoni, mwanamke kijana mwenye mkoba mzito. Alikataa chai. Alisema hakutaka kuleta maneno, lakini ameshindwa.

"Mtoto wako hataki kukaa darasani, mama. Wiki ya pili hii. Anasimama nyuma tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho, anaandika ameegemeza daftari ukutani. Nimembembeleza, nimemgombeza. Chakula cha mchana anakula amesimama. Leo ndiyo ameniambia sababu." Akamtazama fundi, kisha cherehani, kama mtu anayekagua kama ipo kweli. "Anasema akikaa, cherehani ya mama yake itakwenda."

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Bibi alikikunja kitambaa cha vumbi, akakiweka chini.

Fundi alijaribu kukumbuka ni lini alimwona binti yake ameketi humu ndani. Juzi alikula ameegemea kabati. Jana alivaa viatu amesimama kwa mguu mmoja. Alikuwa ameyaona yote hayo, kwa macho yake haya, na alikuwa akihesabu fedha. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Akanyanyuka kwenye kigoda chake cha kushonea, akakisogeza hatua moja mbele ya cherehani.

"Njoo, mwanangu. Imekwisha. Kaa."

Chiriku hakusogea. Alikitazama kigoda, akamtazama mwalimu, akaitazama cherehani.

"Hakihesabiwi?" akauliza.

"Hakihesabiwi. Nimerudishiwa zote. Kaa, mama yangu, nakuomba."

Mtoto akaja, akazunguka kigoda, akakishika kwa mkono kwanza. Kisha akashuka polepole, akaketi ukingoni tu, visigino juu, uzito wote bado miguuni. Alikaa hivyo hivyo, mkono mmoja ameunyoosha nyuma yake ameishikilia cherehani.