Kanga Nyekundu Mlangoni

Jumatatu, tarehe kumi na moja Mei, mwaka wa tisini na nane, mambo ya Mudathiri yaliharibika kabla jua halijafika utosini. Mwenyewe alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, nje kidogo ya Kibiti, akimngoja mheshimiwa aliyekuwa aje kueleza habari za barabara. Balozi wa nyumba kumi alipita nyumba hadi nyumba tangu alfajiri: watu wote mkutanoni, abaki mgonjwa na mwenye kazi isiyoachika, na atakayebaki jina liandikwe. Barabara yenyewe mvua za El Nino zilikuwa zimeshaila, na mheshimiwa alikuwa anakuja kwa barabara hiyohiyo. Basi wakangoja.

Nyumbani, Mwanaharusi mkewe alikuwa anakamua kanda. Jina lake liliandikwa.

Kukamua ni kazi iliyoingia nyumba ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, Mudathiri alipouza korosho zake akarudi kutoka Dar na televisheni iliyokwisha tumika, deki ya video na jenereta kuukuu. Watu wa visiwani kule Mbwera televisheni hawakuwa nazo, lakini redio ya kaseti na betri za mawe hukosi kibandani. Basi kanda za video za maulidi, mawaidha na harusi zikifika Kibiti, Mudathiri anakamua sauti tu bila picha, anaitia kwenye kaseti, na kila Alhamisi kaseti zinateremka kwa mtumbwi hadi Mbwera kwa Abdulhalim, kaka yake Mwanaharusi, naye anazigawa huko. Zile kanda zenyewe zinabaki kwa Mudathiri, zimejaa kabati la vyombo mpaka sahani zikahamia chini ya kitanda. Majina ya kanda aliyaandika Mwanaharusi, maana yeye alimaliza la saba. Mudathiri aliishia la tatu, na mpaka leo anasema si akili iliyokosekana, bali mwalimu.

Waya wa kuunganisha mashine na mashine hakuwa nao. Alikuwa anaiweka redio mbele ya televisheni, uso kwa uso, anabonyeza, na nyumba nzima inanyamaza, maana redio inanasa kila sauti. Jenereta ilichimbiwa shimo kule nyuma ya migomba. Kuku walifukuzwa. Mlangoni ikatundikwa kanga nyekundu, na mtaa mzima ukajua: kanga ikiwa nje, hodi hakuna. Hata mbuzi wa jirani, walitania watu, alikuwa akiiona anameza sauti yake.

Ndiyo maana Mwanahalima, jirani aliyekuwa ndani ya arobaini ya uzazi, alipotoka kuanika vitambaa vya mtoto akaiona kanga, alirudi ndani bila neno. Jua likapinduka. Jenereta ikazimika kwa kuishiwa mafuta, kanga bado ipo. Hapo akaona si kawaida, akaingia. Mwanaharusi alikuwa sakafuni, mgongo kwenye kabati, ameuma ncha ya mtandio. Pumzi inakwenda, ulimi umefunga. Likatafutwa gari la wagonjwa. Gari lilikuwa limekwenda kubeba viti vya meza kuu. Waliokimbia kutoka mkutanoni wakamfunga kwenye baiskeli kwa kanga zake mwenyewe, na hospitali hakufika.

"Viti!" Mudathiri alimwambia kila aliyekuja matangani. "Mke wangu kauawa na viti. Wakubwa wakae vizuri, sisi tuzikane vizuri."

Alhamisi ile alifungasha kaseti zote, pamoja na ile iliyokutwa ndani ya redio, akazituma Mbwera bila kuzisikiliza. Hakutaka ziwe machoni pake.

Zilipopita siku arobaini Abdulhalim akaja. Alisimama uwanjani, suruali imekauka tope la mikoko hadi magotini.

"Hodi, shemeji. Mbona umekonda hivyo? Wewe ni mtu au upondo wa kusukumia mtumbwi?"

"Upondo una kazi. Karibu, keti."

Hakuketi. Alitoa mfuko wa rambo uliofungwa mafundo mawili, na ndani yake kaseti moja.

"Hii ya maulidi, wanawake wa Mbwera hawaitaki. Mteja wangu Fatu alinirudishia, akaiweka kizingitini kwangu, akakimbia."

"Ina nini? Imekwaruza?"

"Ina dada."

Mudathiri aliitia kwenye redio. Dufu zikalia, kasida ikapanda na kushuka. Walingoja hadi upande ule unakaribia kwisha. Ndipo ikasikika pumzi, karibu kabisa, kama mtu ameinama sikioni mwao. Ilikatika, ikarudi, ikabanwa tena.

"Anaumwa," Mudathiri alinong'ona. "Anaumwa na hapigi kelele. Kwa nini hapigi kelele?"

"Asije akaiharibu kanda," alisema Abdulhalim. "Nani alimfundisha kunyamaza, shemeji?"

"Usinigeuzie mimi! Gari lilikwenda na viti!"

"Mimi sikutaja gari."

Kwenye kaseti Mwanaharusi akasema, taratibu, kwa sauti ile ya kumpokea mgeni wa heshima: "Karibu. Pita tu, kanga isikusumbue."

Kimya. Dufu zikaendelea.

"Hayupo. Wamemweka mkutanoni."

Kimya kingine, kirefu. Aliyekuwa anasemeshwa hakusikika, wala kukohoa, wala kuburuta mguu. Halafu Mwanaharusi akauliza, kama mtu aliyeshtuka kidogo tu:

"Peke yangu?"

Redio ikalia kacha. Upande umekwisha.

Mudathiri akainuka, na moyoni aliona kama kafunguliwa mlango. Kumbe mtu aliingia! Mtu alimwona yuko sakafuni, akazungumza naye, akaondoka zake. Huyo ndiye. Huyo ana miguu na jina, na anaweza kuulizwa.

Akaanza kwa Mwanahalima. Mwanamke aliapa juu ya kichwa cha mwanawe. "Kaka Mudathiri, mimi niliingia jenereta imeshazimika. Dada alikuwa hawezi kusema hata 'maji'. Na uwanja wako asubuhi ile ulikuwa umefagiwa, mchanga una mistari ya fagio. Nyayo nilizoona ni zangu."

Akaenda kwa mtendaji wa kijiji, kaseti mfukoni mwa shati, Abdulhalim nyuma yake akimsihi, "Shemeji, taratibu, shemeji."

"Asiyehudhuria mlimwandika," Mudathiri alisema bila salamu. "Leo nisomee. Nani hakuwepo?"

Mtendaji alifungua daftari. Pengine alitaka tu mzee huyu aondoke. Alipitisha kidole kwenye ukurasa mara mbili.

"Wawili. Mwenye mtoto mchanga, na marehemu. Wengine wote walikuwepo, mzee wangu, balozi aliwahesabu mwenyewe. Hata dereva wa gari alikuwa pale anapanga viti."

"Isikilize hii basi." Mudathiri akamwekea kaseti juu ya daftari.

Mtendaji akanyoosha mkono, kisha akaurudisha mapajani. "Mzee, nenda nayo tu nyumbani."

Mudathiri akaichukua kaseti yake. Tangu Mei mdomo wake haujakosa mtu wa kumtupia lawama, na sasa alimtazama mtendaji, akamtazama shemeji yake, akakosa. Kijiji kizima kilikuwa kimekaa vumbini kinamngoja mheshimiwa. Mwanaharusi alimkaribisha nani?