Buluu ya Wodi ya Mifupa

Muuguzi alikuwa akipima joto la wagonjwa asubuhi pale dereva aliyelazwa kitanda cha mlangoni alipokohoa, na kikohozi chake kikabaki hewani. Kilikuwa cha buluu. Kilipanda hadi kwenye kiyoyozi, kikaingia, kikatoka na kuanza kuzunguka juu ya vitanda.

"Dereva, pumzi zako zinatembea kuliko wewe," alisema seremala aliyefungwa plasta miguu yote miwili. Wodi ikacheka.

Binti aliyekuwa akimuuguza mama yake, aliyevunjika nyonga, hakucheka. Alipepea kwa mtandio. Ile buluu ikasogea kidogo, ikarudi. Akavuta kitanda cha mama hadi pembeni. Ikamfuata huko huko.

"Dada, tufungulie dirisha."

"Lilipigwa misumari kiyoyozi kilipofungwa," muuguzi alisema. "Ili ubaridi usipotee."

"Na hewa safi inaingilia wapi?"

"Haiingii. Kinapoza hii hii tuliyokwisha kuivuta."

Binti hakutulia. Alipanda ngazi hadi kwa msimamizi wa hospitali, akashuka, akapanda tena. Hatimaye msimamizi alikuja, akasimama mlangoni leso puani, akaitazama buluu ikipita.

"Wakaguzi wanakuja wiki hii," alisema. "Hii itawatia wasiwasi."

"Basi ng'oeni misumari, mzee."

"Nitalishughulikia, mwanangu."

Kesho yake wakaja wapaka rangi na ndoo zao. Walipaka kuta na dari buluu ile ile, hata seremala akasifu walivyoipatia. Dirisha halikuguswa. Walipomaliza, wawili kati yao waliondoka wakikohoa.

Jioni mama naye akaanza. Binti alimwinua, akamwegemeza begani, akamtandazia foronya nyeupe mbele ya kinywa ili aone rangi ya kikohozi.

"Ni cha buluu?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilileta nyonga tu," mama alisema, akafumba macho.

Wakaguzi walifika, wakasifu ubaridi na rangi inayotuliza moyo. Msimamizi aliwashukuru kwa niaba ya wagonjwa. Walikuwa bado mlangoni wakiagana naye wakati koo la binti lilipoanza kuwasha. Aligeukia ukutani, akakohoa, akaangalia. Hakuona kitu. Foronya ilikuwa mkononi mwake, imekunjwa. Hakuikunjua.