Rangi ya Chungwa Usoni

Kaka alitaka picha ya marehemu mkewe, na akaitaka kwangu kwa sababu ndiyo kazi yangu, kuchora vitabu vya watoto. Wifi alikufa kwa pumu, peke yake chumbani. Kaka alirudi usiku akamkuta ameshapoa. Ndivyo alivyotuambia msibani, nasi tukaamini. Tangu hapo hapati usingizi.

"Nikifumba macho tu, huyo," aliniambia. "Amekaa kitandani, ananitazama. Mchore, mdogo wangu. Akihamia kwenye karatasi labda ataniacha nilale."

Nikamchora. Akaikataa picha. "Umemtia giza usoni."

"Dirisha liko mgongoni kwake. Ulitaka mwanga upinde kona?"

"Mpake rangi ya chungwa. Shavuni na kwenye paji la uso. Na macho ayakunje kidogo."

Mimi sipendi kufundishwa kazi, hasa na mtu ambaye akichora duara hutoka kiazi. Nilirudia, akakataa tena. Mwisho nikaenda kwake jioni moja, nikakaa mwenyewe pale kitandani, mlango umefungwa. Chumba kilikuwa kijivu kitupu. Nilikuwa najiandaa kumpa vipande vyake alipoufungua mlango, na jua la kuzama likanipiga usoni. Nikakunja macho. Yeye alibaki kizingitini, na kivuli chake kikalala sakafuni kati yetu.

Rangi ile huingia chumbani mle jua likizama tu, tena mlango ukiwa wazi. Usiku haipo.

Nilirudi kwangu nikachora vyote: rangi ya chungwa usoni, macho yaliyokunjwa, na chini ya ukurasa, sakafuni, kivuli cha mwanamume aliyesimama mlangoni. Nikampelekea, nikamwekea mbele.

Alikitazama kile kivuli, akakitazama. Nilisubiri anifokee, na moyoni nilimwomba anifokee.

"Kirefushe," alisema. "Kilifika kitandani."

"Kaka."

"Tulikuwa tumegombana asubuhi. Nikadhani ananifanyia maigizo. Nikaufunga mlango, nikaondoka." Akaigusa karatasi kwa kidole. "Na mkono hujauchora. Aliunyoosha."

Nilimchukia, na nilikuwa nalia. Nikachukua penseli, nikauchora mkono.